DOT, ECE 22.06 na Snell: ipi ya kuamini kwenye helmeti ya pikipiki?

mpanda_mbili

Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo mana nimezunguka na hili jambo wiki nzima sasa. Mdogo wangu ameanza kuendesha pikipiki na mimi ndo niliyemfundisha, kwa hiyo nyumbani wameniambia wazi kabisa kwamba kichwa chake kiko mikononi mwangu. Hela ya helmeti nimeshaitenga. Sitaki kofia ya kukwepa faini, nataka ile ambayo siku akianguka itafanya kazi yake.

Nimebakiwa na tatu na kila moja ina kiwango chake. Ya kwanza ni ya uso mzima, mpya, nyuma ina DOT. Ya pili nayo mpya, ni ile ya kunyanyua kidevu, kwenye mkanda imeshonewa kitambaa chenye herufi E ndani ya duara na pembeni namba inayoanza na 06, muuzaji anasema hiyo ni ECE 22.06. Ya tatu imetumika, rafiki yangu anaiuza, ndani ina stika ya Snell M2015 na nyuma ina DOT pia, na yeye anaapa kwamba Snell ndo baba wa viwango vyote, wengine wote ni watoto.

Sasa naomba mnisaidie. Hivi hizi alama zinatofautiana wapi hasa, ni nani anayepima na anapima nini? Alafu kitu kingine kinachonisumbua, nimesoma kwamba kwenye maabara helmeti inadondoshwa kwa kasi ya kama kilomita 27 kwa saa. Dogo anaendesha 60 mpaka 80. Hiyo 27 itamsaidia nini jamani?

mwendo_wa_kati

Chukua DOT mkuu ufunge mjadala. Ile ni wizara ya usafiri ya Marekani, wakishagonga muhuri wamegonga. Hao ECE hawapimi hata kama helmeti inatoboka, DOT wanaidondoshea chuma chenye ncha. Mi natumia DOT mwaka wa sita huu.

povu_na_gamba

mwendo_wa_kati kwenye kutoboka uko sahihi, ila kwenye muhuri hapana, na hapo ndo watu wengi tunapoteleza kwa hiyo ngoja nieleze taratibu.

DOT ni sheria ya Marekani inaitwa FMVSS 218, ipo tangu 1974. Lakini serikali haigongi muhuri wowote kabla helmeti haijaingia sokoni. Mtengenezaji mwenyewe ndo anapima, au analipa maabara impimie, alafu mwenyewe anabandika DOT, maana yake anasema "nathibitisha bidhaa yangu inakidhi". Baadae idara ya usalama barabarani ya kule, NHTSA, inanunua baadhi ya modeli madukani na kuzipima, ikikuta imefeli inamchukulia hatua mtengenezaji na helmeti zinarudishwa. Mfumo huo unafanya kazi kwa mtengenezaji anayeogopa jina lake lisiharibike. Kwa yule asiye na jina wala anwani ya kueleweka, ile DOT ni rangi tu. Ndo maana ukiniuliza "je DOT ni nzuri?" nitakuuliza kwanza imebandikwa na nani.

ECE ni kinyume chake. Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa, inasimamiwa Geneva na tume yao ya uchumi ya Ulaya, ilianza 1972. Kule mtengenezaji hauzi mpaka maabara inayotambuliwa na serikali ya nchi mojawapo imepima na kutoa kibali, na hata akishapata kibali inabidi aendelee kutoa sampuli kwenye kila kundi la uzalishaji zipasuliwe. Hilo kwangu lina uzito kuliko tofauti ya namba za kipimo.

Tukija kwenye namba zenyewe. Wote wanafanya kitu kinachofanana, wanavalisha helmeti kichwa bandia chenye sensa ndani, wanakiachia kidondoke juu ya fuawe la chuma, wanasoma mshtuko uliofika kichwani kwa kipimo cha g, yaani ni mara ngapi ya mvutano wa dunia. DOT kwenye fuawe bapa ni mita 6 kwa sekunde, kwenye fuawe la mviringo 5.2, na inapigwa mara mbili sehemu ileile. Kikomo ni 400 g. Usishtuke na hiyo 400 ukadhani wameachia sana, mana kuna sharti la muda pia, mshtuko usizidi 200 g kwa zaidi ya sehemu mbili za elfu za sekunde, na usizidi 150 g kwa zaidi ya sehemu nne za elfu, kwa hiyo helmeti inayofika karibu na 400 kwa kawaida itakwama kwenye muda. ECE 22.05, iliyotumika tangu 2000, ilikuwa mita 7.5 kwa sekunde, kikomo 275 g, pamoja na hesabu inaitwa HIC inayojumlisha ukali wa pigo na muda wake. Na hawana fuawe bapa peke yake, wana lingine limetengenezwa kama jiwe la ukingo wa barabara.

Sasa 22.06, iliyoanza kutumika Januari 2021, ndo imebadilisha mambo. Wameongeza pigo la kasi ndogo la mita 6 na pigo la kasi kubwa la mita 8.2. Watu wanaona la kasi kubwa tu wanafurahi, ila hilo la kasi ndogo ndo lenye akili, kwa sababu zamani ungeweza kutengeneza helmeti yenye povu la ndani gumu sana ikapita pigo kubwa, alafu kwenye kuanguka kwa kawaida, ambako ndo kwingi, lile povu linakataa kubonyea na ubongo unapokea mshtuko wote. Kwenye mita 6 kikomo ni 180 g. Kwa hiyo povu lazima liwe laini vya kutosha kwa ajali ndogo na lenye nguvu ya kutosha kwa ajali kubwa, kitu ambacho ni kigumu kukitengeneza. Pia zamani mtengenezaji alijua pigo litatua sehemu gani, akaweza kuimarisha hapohapo tu, sasa maabara ina sehemu nyingi zaidi za kuchagua.

La pili ni mzunguko. Kichwa kikigonga lami mara nyingi hakigongi kwa kunyooka, kinagonga kwa mshazari na kinazungushwa ghafla, na ubongo haupendi kuzungushwa. 22.06 inadondosha helmeti kwa mita 8 kwa sekunde kwenye fuawe lililolala nyuzi 45, limebandikwa msasa juu ili likamate gamba la nje kama lami inavyokamata, alafu wanapima kichwa kimezunguka kwa ukali gani. DOT haina kipimo hicho kabisa, hata 22.05 haikuwa nacho cha namna hiyo.

Kuhusu kutoboka: DOT wanaachia kinyundo chenye ncha cha kilo 3 kutoka mita 3, kisiguse kichwa. Ni kweli ECE hawana. Hoja yao ni kwamba barabarani vitu vyenye ncha namna hiyo ni nadra kukutana na kichwa, na ukimlazimisha mtengenezaji aweke gamba nene la kuzuia ncha unamsukuma kwenye helmeti nzito na ngumu. Mimi naona wako sahihi, ila najua wapo wasiokubali.

mwendo_wa_kati

Hapo kwenye kujithibitisha wenyewe sikuwa najua kabisa, nilidhani kuna ofisi inapitisha. Asante mkuu. Ila ya kwangu ni ya kampuni inayojulikana.

dada_wa_klachi

Naongeza kitu ambacho povu_na_gamba hajakigusa na ambacho kilinigharimu, kwa sababu naona mwenye swali anafikiria helmeti ya kunyanyua kidevu.

Miaka minne iliyopita nilikuwa na helmeti ya aina hiyo. ECE halali kabisa, sio feki. Nikaja kwenye kona yenye mchanga, tairi la mbele likatoka, sikuwa kwenye kasi kubwa, nadhani 35 hivi, nikaenda chini kwa uso. Kichwa changu chote kilikuwa salama, sikuzimia, sikutapika, nakumbuka kila kitu. Lakini kidevu cha helmeti kilivunjika kama sahani nikavunjika taya sehemu mbili na meno manne yakaondoka. Wakati niko kitandani ndo ndugu yangu akaichukua ile helmeti akasoma kitambaa cha kwenye mkanda, baada ya namba kulikuwa na herufi NP.

Jamani hizo herufi ndogo zina maana kubwa. P maana yake kidevu kimepimwa na kinakinga. J maana yake helmeti haikingi uso wa chini, ni ya uso wazi. P/J ni zile za kunyanyua ambazo zimepita zote mbili, zikiwa zimefungwa na zikiwa zimefunuliwa. NP maana yake kidevu kipo ila hakikingi pigo, ni cha upepo na vumbi tu. Na nilikuja kukumbuka siku naitoa kwenye boksi ilikuwa na kibandiko cha onyo kwamba haikingi kidevu, nikakibandua bila kukisoma. Aliyeniuzia naye hakusema kitu.

Na kwa upande wa DOT hili ni baya zaidi, mana FMVSS 218 haipimi kidevu kabisa. Helmeti ya uso mzima yenye DOT tupu inaweza kuwa na kidevu kizuri sana au ikawa plastiki tupu isiyo na povu ndani, stika haitakwambia. Snell wanapima kidevu, ECE wanapima kama imeandikwa P.

mpanda_mbili, rudi dukani, geuza mkanda usome. Usimuulize muuzaji, soma mwenyewe.

povu_na_gamba

Pole sana dada_wa_klachi. Na asante, hilo ndo lilitakiwa kuwa la kwanza kwenye maelezo yangu.

njia_panda

Swali la pembeni wakuu, hiyo namba inayokaa na E ndani ya duara, ni kweli kwamba E1 ni bora kuliko zingine? Nimeambiwa E1 Ujerumani ni kali, E9 Hispania wanapitisha chochote.

povu_na_gamba

Hapana. Hiyo namba inasema nchi iliyotoa kibali tu. 1 Ujerumani, 2 Ufaransa, 3 Italia, 4 Uholanzi, 9 Hispania, 11 Uingereza na kuendelea. Kanuni ni ileile, vipimo ni vilevile, na kibali cha nchi moja kinatambuliwa na zingine zote zinazotumia kanuni hiyo. Kampuni inaweza kuwa inatengeneza bara lingine kabisa ikapeleka maombi Uholanzi kwa sababu maabara ya huko ina nafasi. Haisemi hata imetengenezwa wapi.

Cha kuangalia ni namba ndefu ya chini yake. Tarakimu mbili za mwanzo ndo toleo, 05 au 06, zinafuata za kibali chenyewe, alama ya mkwaju (/), herufi aliyoeleza dada hapo juu, alafu namba ya uzalishaji. Kwa hiyo kama umeambiwa ni 22.06 na namba inaanza na 05, umedanganywa au muuzaji mwenyewe hajui.

lami_ya_moto

Ngoja nijibu lile swali la kilomita 27 mana naona limeachwa na ndo linalofanya watu wakate tamaa na helmeti.

Fikiria hivi. Uko kwenye pikipiki, kichwa chako kiko mita moja na nusu hivi kutoka ardhini. Ukianguka, kile kinachokipeleka kichwa chako kwenye lami ni kule kudondoka, sio ile 80 uliyokuwa unaenda nayo. Ile 80 inaendelea mbele, sambamba na barabara, inakuburuza na kukukwangua, inamalizika kwa msuguano. Kichwa kikidondoka kutoka mita moja na nusu kinafika chini na kama mita 5 na nusu kwa sekunde hivi. Sasa mita 7.5 kwa sekunde, hiyo 27 uliyoisoma, ni sawa na kudondoka kutoka karibu mita 2.9. Ile 8.2 ya 22.06 ni kama mita 3.4. Kwa hiyo wamekuwekea akiba juu ya kudondoka kwa kawaida.

Ambapo hesabu inabadilika ni pale unapokutana na kitu kilichosimama wima, nguzo, ubavu wa gari, ukingo wa daraja. Hapo kasi yako yote au sehemu kubwa inaingia moja kwa moja na hakuna helmeti itakayoimaliza, kwa sababu kinachokuokoa ni unene wa povu na povu ni sentimita chache tu. Nishati inapanda kwa kasi mara kasi, kwa hiyo kutoka mita 6 mpaka 8.2 tu nishati tayari inakaribia kuwa maradufu. Ukitaka helmeti ya kuhimili 80 kwenye ukuta kichwa chako kingekuwa kama pipa.

Lakini usiseme basi haisaidii. Kuna uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, wa 2008 uliokusanya tafiti nyingi ukakuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa karibu 42% na hatari ya kuumia kichwa kwa 69% kwa anayepata ajali. Na humo ndani kuna helmeti za kila aina, nzuri na mbovu. Hii kazi ina historia yake, baada ya T. E. Lawrence, yule mwanajeshi Mwingereza anayejulikana kama Lawrence wa Arabia, kufa kwa ajali ya pikipiki 1935, daktari mmojawapo wa waliomhudumia, Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, hakukaa kimya, alianza kufuatilia vichwa vya waendesha pikipiki wa jeshi na 1941 akachapisha alichokiona kuhusu helmeti. Viwango vyote tunavyobishania hapa vimetokea kwenye njia aliyoianza mtu aliyechoka kuona vijana wanakufa kwa kitu kinachozuilika.

gereji_ya_mzee

Mi nije kwa hiyo ya Snell iliyotumika. Rafiki yako hajadanganya kuhusu Snell kuwa wakali. Ni taasisi binafsi, ilianzishwa 1957 kwa kumbukumbu ya dereva wa mashindano, Pete Snell, aliyekufa 1956 kwa kuumia kichwa. Hailazimishi mtu, mtengenezaji anapeleka kwa hiari yake, wanapima wenyewe, na baadae wananunua madukani kuhakikisha. Wanapiga kwa mita 7.75 kwa sekunde, wanarudia pigo, wana fuawe la ukingo mkali na la mviringo, wanatoboa, wanapima kidevu.

Ila ukali na usalama wa barabarani sio kitu kimoja. Toleo lao la M2005 lilileta ubishi mkubwa, watu walisema kwamba ili kupita lile pigo la pili inabidi povu liwe gumu mno kwa anguko la kawaida. Walisikiliza, kwenye M2010 wakashusha kikomo kutoka 300 g mpaka 275 na wakaanza kutofautisha uzito wa vichwa vikubwa na vidogo. Baadae kwenye M2020 wakagawanya mara mbili, D inayoendana na DOT na R inayoendana na ECE, kwa hiyo hata wao wamekubali kwamba kuna falsafa mbili za kulinda kichwa. M2015 ni toleo zuri.

Lakini mkuu, ni helmeti iliyotumika. Lile povu la ndani, linaitwa EPS, linafanya kazi mara moja, likishabonyea halirudi, na ukiangalia kwa nje gamba linaweza kuwa linang'aa kama jipya. We hujui imeshadondoka mara ngapi ikiwa na kichwa ndani. Hujui kama aliisafisha kwa petroli au tina, na kuna magamba ya plastiki yanayooza kwa ndani kwa vitu hivyo bila kuonyesha kitu. Snell wenyewe wanashauri kubadilisha kila miaka mitano, na M2015 kwa sasa imeshapita huo muda au iko mlangoni. Kwa kuwa ina DOT pia, sheria inataka mwezi na mwaka wa kutengenezwa uandikwe, inua sponji utafute. Mimi kwa kichwa cha mdogo wangu nisingeichukua hata nikipewa bure, na rafiki yako asikasirike.

mpanda_mbili

Wakuu nimerudi, na asanteni sana, sikutegemea maelezo ya namna hii. Dada_wa_klachi pole kwa yaliyokukuta, nimemsomea dogo maneno yako yote akanyamaza kimya.

Nimeenda dukani leo nikiwa naye. Ile ya DOT nimeigeuza kila upande, nyuma imeandikwa DOT tu basi, hakuna jina la mtengenezaji wala modeli kwenye ile lebo. Nimebonyeza kidevu kwa kidole kwa ndani, hakuna povu, ni plastiki na kitambaa. Na povu la juu ni jembamba, halifiki hata upana wa kidole gumba. Ile ya ECE kitambaa kinasoma E3, namba inaanza 06, na mwisho P/J. Ya Snell nimemwambia rafiki hapana.

Sasa kuna vitu viwili. Ya P/J dogo akivaa anasema inabana mashavu, anataka saizi kubwa zaidi. Na pia je akiendesha kidevu kikiwa juu ni sawa kwa sababu ina J?

povu_na_gamba

Hiyo ya DOT umefanya vizuri kuiacha. Lebo ya sasa ya DOT, tangu 2013, inatakiwa iwe na jina la mtengenezaji na modeli, katikati DOT, chini yake FMVSS No. 218 na neno CERTIFIED. DOT peke yake ni mtindo wa zamani ambao walioghushi waliupenda kwa sababu ni herufi tatu tu. Na povu, NHTSA wanaelekeza kwamba helmeti halali kwa kawaida ina povu la kama inchi moja, sentimita mbili na nusu hivi, na uzito wa karibu kilo moja na nusu. Nyepesi sana na nyembamba ni dalili mbaya.

Kuhusu J, ndio, ikiwa imefunuliwa bado inalinda fuvu kama helmeti ya uso wazi, wamepima hivyo pia. Ila kidevu kikiwa juu hakipo kidevuni. Afungue akiwa amesimama, anaongea na mtu, anakunywa maji. Akianza kutembea ashushe na asikilize ile "ta" ya pande zote mbili, sio moja. Waingereza wana mpango wa serikali unaitwa SHARP, ulianza 2007, wananunua helmeti madukani wanazipiga mpaka mita 8.5 kwa sekunde na kuzipa nyota moja hadi tano, na kwa hizi za kunyanyua wanatoa pia asilimia ya mapigo ambayo kidevu kilibaki kimefungwa. Tafuta kama modeli yako imo. Utashangaa kuona bei na nyota haziendi pamoja.

dada_wa_klachi

Kuhusu kubana, USIMPE kubwa zaidi kabla hujafanya haya. Pima kichwa kwa utepe, juu kidogo ya nyusi uzungushe mpaka pale nyuma panapochomoza zaidi, alafu linganisha na jedwali la kampuni hiyohiyo mana M ya huyu sio M ya yule. Helmeti mpya inatakiwa ibane mashavu mpaka akiongea ajing'ate kidogo kwa ndani, zile sponji zitalegea zenyewe baada ya wiki chache. Kinachotakiwa kisiume ni paji la uso na pande za juu ya masikio. Mwambie akae nayo kichwani dakika ishirini, akivua ukiona alama nyekundu kwenye paji, umbo la helmeti halimfai, sio saizi, umbo.

Alafu afunge mkanda, we simama nyuma yake ushike ukingo wa chini wa nyuma wa helmeti uivute kwenda juu na mbele kwa nguvu kama unataka kuivua. Ikitoka au ikimfunika macho, hiyo kubwa, hata kama ina nyota tano na 22.06 yake. ECE wanapima hilo la kuvuka kichwani, wanaivuta kwa uzito wa kilo 10 unaodondoka na haitakiwi izunguke zaidi ya nyuzi 30, lakini wamepima kwenye kichwa chao cha bandia kinachoitosha. DOT hawana hicho kipimo cha kuvuka, wanavuta mkanda tu.

mpanda_mbili

Nimefanya hivyo vyote jioni hii, wamekubali kunishikia mpaka kesho. Kichwa chake ni sentimita 57 na jedwali lao linasema 57 hadi 58 ni M, na hiyo ndo aliyokuwa amevaa. Dakika ishirini, paji halina alama. Nimevuta kwa nyuma mpaka akalalamika shingo na haikutoka. Kubwa yake, L, nimeijaribu kwa kulinganisha, ikaja mpaka kwenye macho mara moja.

Anachukua M. Modeli nimeitafuta kwenye hao SHARP imo na ina nyota nne, kidevu nimeona asilimia yake iko juu pia.

gereji_ya_mzee

Safi sana. Mwambie asiitundike kwenye kioo cha pikipiki, ile ncha ya kioo inabonyeza povu kwa ndani kidogo kidogo kila siku.

mpanda_mbili

Hilo nalo nilikuwa nalifanya mimi mwenyewe mzee wangu, miaka yote. Naenda kuangalia ya kwangu sasa hivi.